Asiransi (bima) "iko ndani" ya pesa ya kujiandikisha: muulize kwanza inamlipa nani

Kijana mmoja wa Himbi, hapa Goma, kapteni wa klabu ndogo ya velo, yaani baiskeli, za mlima, ameniandikia, ninafupisha: wako 9, wamealikwa upande wa Rwanda kwa mbio za kushuka mlima, ijumaa na jumamosi ni mazoezi kwenye njia, jumapili ndiyo mbio yenyewe. "Yaya, wanasema asiransi iko ndani ya zile dola 40 za kujiandikisha, sisi tusaini tu dechaji, ile karatasi ya kukubali hatari, ukurasa mmoja wa Kingereza. Mama wa mwenzetu mwenye miaka 17 amekataa kusaini, anasema hawezi kutia mkono mahali hajui anauza nini. Hiyo asiransi inatosha ama tunajidanganya?"

Mdogo wangu, yule mama msimkasirikie, mumpelekee salamu zangu, juu swali lake limewashinda nyote. Mimi nimefanya kazi ya asiransi zaidi ya miaka 15, nilianzia Bukavu kisha nikahamia hapa Goma, na siku za mbio nasimamaka kwenye kona na bendera, kwa hiyo mambo haya nayajua kwenye karatasi na nayajua kwenye vumbi. Jibu fupi ni hapana, kwa vile umeniandikia haitoshi, na mtu asisaini kitu mpaka wawatumie kontra yenyewe ya asiransi, ile yenye jina la kampuni, namba, tarehe na kurasa zote za nyuma zenye maandishi madogo. Tangazo la "asiransi imo" mtu yeyote anaweza kuliandika.

Kuko asiransi mbili ambazo watu wanaziita jina moja, na hapo njo tunapotezwa. Ya kwanza inaitwa responsabilite sivile. Hiyo inamkinga organizateri, yule anayeandaa mbio, akifanya kosa likaumiza watu: kamba ya kuzuia watazamaji imekatika, daraja la mbao limevunjika, alama ya njia imewekwa vibaya watu wakaingia shimoni. Wakimshitaki, asiransi yake inalipa. Ni nzuri na kila organizateri lazima awe nayo, lakini angalia: wewe ukikosa kona peke yako, hakuna aliyekusukuma, ukavunja paja, hapo hakuna kosa la mtu, basi hiyo asiransi haikujui. Ya pili ni asiransi ya aksida ya mtu mwenyewe, hiyo haiulizi kosa ni la nani, inalipa juu umeumia. Kwa mbio za kushuka mlima karibu kila anayeanguka anaanguka mwenyewe, kwa hiyo ya pili ndiyo yenu, na mara nyingi zile dola za kujiandikisha zinalipiaka ya kwanza peke yake. Organizateri hajadanganya, asiransi kweli imo, ila ni yake.

Nitakuambia kwa nini naongea kwa ukali hivi.

Miaka kadhaa nyuma, kwenye mbio moja ya huku Kivu, niliwekwa kwenye kona ya chini, ile yenye changarawe. Kijana mmoja akaja, gurudumu la mbele likateleza, velo ikageuka, gido, yaani usukani wa velo, ikamchoma tumboni. Akasimama mwenyewe. Akacheka, akapiga mikono kuonyesha yuko sawa, watu wakashangilia. Nikamwambia apandishe jezi niangalie, nikaona alama ya duara, nyekundu, ndogo kama mdomo wa chupa ya soda, upande wa kushoto chini ya mbavu. Ile gido ilikuwa wazi mwishoni, kizibo kilitoka zamani, ikabaki bomba tupu. Ngozi haikupasuka, damu hakuna, akanywa Fanta akaketi kivulini na wenzake, na mimi, Mungu anisamehe, nikarudi kwenye kona yangu. Saa tatu zikapita, wakaniita. Midomo nyeupe, jasho baridi, tumbo gumu kama ubao. Bandama lilikuwa linavuja ndani polepole, na bandama likivuja halitoi kelele, mtu anaongea vizuri mpaka damu imepungua sana ndiyo anaanguka.

Tukamkimbiza hospitali. Pale wakaomba kosyo, pesa ya dhamana, ya dola 300 kabla ya kumuingiza chumba cha operasyo. Tukatoa ile karatasi ya asiransi kwa furaha kabisa, mtu wa kesi, pale wanapolipia, akaisoma, akaniangalia, akaniuliza kama mimi ndiye mtu wa asiransi, nikasema ndiyo, akaniambia basi soma mwenyewe. Ilikuwa responsabilite sivile tupu. Organizateri telefoni haipokelewi. Wenzake wakapitisha kaske, kofia ngumu ya velo, kama sadaka, kila mtu akatupa alichonacho, mmoja akaacha telefoni, na velo yenyewe ya yule kijana ikabaki pale mlangoni kwa kesi kama rehani, na vumbi lake bado. Alipona, bandama walilitoa. Ila kazi yake ilikuwa kubeba mifuko ya saruji, na miezi mingi hakuweza kubeba kitu, na hakuna mtu alimlipa hata franka moja ya ile miezi.

Kwa hiyo nikisoma kontra ya mbio, maswali yangu ni mawili: saa ya kwanza nani anaweka pesa mezani, na miezi sita baada ya kuumia nani anamlisha huyu mtu. Yote mengine yanaingia ndani ya hayo.

Saa ya kwanza: uliza kama kampuni inalipa hospitali moja kwa moja ama inarudisha pesa baadaye. Kontra nyingi zinasema ulipe kwanza, ulete fakitire, tutakurudishia. Kwa mtu mwenye akiba sawa, kwa kijana wa Himbi ni sawa na hakuna asiransi. Na kurudisha wanarudishaka kwa konti ya benki, na wewe unajua benki za Goma zilifunga milango Januari 2025, basi waulize kwa maandishi pesa itapita wapi, mobile money ama nini, wajibu. Uliza pia hospitali gani wana mkataba nayo karibu na njia ya mbio, jina na simu, na upige simu mwenyewe uulize kama wanawajua. Ukikuta hawawajui umeshapata jibu.

Kisha angalia neno plafo, ndiyo kiwango cha juu kabisa watakacholipa kwa matibabu, na neno franshizi, ndiyo sehemu ya kwanza unayobeba wewe. Plafo ya dola 500 na franshizi ya 100 maana yake wanakupa 400, na mfupa wa paja kuwekewa chuma unaweza kula hiyo yote kabla hujatoka kitandani. Kuna sehemu nyingine ya ulemavu wa kudumu, hapo watu wanasoma "dola 5.000" wakafurahi, kumbe hiyo ni kwa ulemavu wa asilimia 100. Mkono ukibaki na ulemavu wa asilimia 20, unapata 1.000. Na kontra zingine zina mlango mwingine, ulemavu chini ya asilimia 10 hakuna malipo kabisa. Kidole kilichobaki kigumu, bega lisilopanda juu, vinaweza kuangukia hapo chini, na kwa fundi ama mshona nguo kidole ndiyo kazi yake.

Sasa ukurasa ambao mimi naanziaka, na wewe uanzie huo: eksklizyo, yaani mambo ambayo hawalipi. Tafuta maneno mashindano, mbio, michezo ya hatari, kushuka mlima. Kuko asiransi za safari ambazo zinalipa velo vizuri kabisa, ila zinaandika "isipokuwa mashindano na mazoezi ya mashindano". Hapo umeshanunua mwavuli wenye tundu palepale kichwani. Na usidhani ni ubaya wa Afrika tu. Uswisi, ambako union ya velo ya dunia yenyewe, UCI, iko na makao yake pale Aigle, asiransi ya lazima ya aksida inahesabu mbio za kushuka mlima kwa velo kuwa hatari ya kupita kiasi, mazoezi kwenye njia pia yamo, matokeo yake malipo ya pesa, ile mishahara na pensheni ya ulemavu, inaweza kukatwa nusu, matibabu peke yake ndiyo yanabaki bila kukatwa. Ikiwa kwa watu wenye mfumo kama ule wanakata nusu, sisi tusisome haraka haraka.

Hayo mazoezi nataka uyaangalie sana. Ijumaa na jumamosi mko kwenye njia, hamuijui bado, mnajaribu mruko mara ya kwanza, hapo njo watu wanaangukaka zaidi, kwa macho yangu ni hivyo mbio baada ya mbio. Kama kontra ina tarehe ya jumapili tu, siku mbili zote mko uchi. Tarehe iandikwe tangu siku ya kwanza ya mazoezi mpaka siku ya kurudi nyumbani.

Na angalia nchi. Kontra iliyonunuliwa hapa Kongo inaweza kusema inafanya kazi Kongo tu, ya Rwanda inaweza kulipa hospitali za Rwanda tu, na mtu akivuka kurudishwa kwao wanaacha kulipa palepale kwenye baryeri ya mpaka. Matibabu ya mfupa yanaendelea miezi, mtapenda kuyaendeleza Goma karibu na mama zenu, basi liwe limeandikwa. Kuhusu kubebwa kwa ndege, ni maneno mazuri kwenye karatasi, ila ndege inatua wapi? Uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025. Waulize ambilansi ya barabara mpaka Kigali nani anailipa, hiyo ndiyo safari ya kweli.

Asiransi ya tatu, ndogo, watu wanaisahauka: responsabilite sivile ya wewe mpanda velo. Njia za milima yetu zinapita katikati ya mashamba, mama anatoka na kikapu cha viazi mgongoni hajui kuko mbio, ama mtoto anavuka kufuata mbuzi. Ukimgonga, deni ni lako. Lisansi ya federasyo, ile karatasi ya mpanda mbio, mara nyingi inakuja na hiyo, na sheria za UCI zinataka mwenye lisansi awe na asiransi, sasa uliza federasyo iliyokupa lisansi asiransi yake ni ipi na inafika wapi. Lisansi inaisha 31 Desemba ya kila mwaka hata kama uliichukua Oktoba, watu wanakwendaka mbio ya Januari na karatasi iliyokufa. Kama hamna lisansi, organizateri awaambie kama anatoa ya siku na asiransi gani imo.

Nitoke kidogo kwa mfano wa mbali, juu vijana wengi wanafikiri hawa wakubwa wa velo wa kwenye video wamekingwa na makampuni makubwa. Red Bull Rampage inafanyika Utah, Marekani, tangu 2001, ile ya kushuka kuta za mchanga mwekundu. Baada ya 2004 waliisimamisha, hatari ilikuwa imezidi, ikarudi 2008. Mwaka 2015 Paul Basagoitia, mpanda velo anayejulikana, akaanguka akavunja uti wa mgongo. Dunia nzima iliona, na kilichofuata watu wengi hawakitazamaka: mchango ulipitishwa kwenye intaneti ili kusaidia bili zake za hospitali. Ni kaske ileile tuliyopitisha sisi mlangoni kwa kesi, tofauti ni ukubwa wake. Simtaji ili niwatishe, nataka mjue kwamba jina kubwa na mbio kubwa havijibu swali la nani analipa, karatasi ndiyo inajibu.

Tuje kwa dechaji sasa. Kusaini dechaji ni kawaida, hata Ulaya wanasaini, siyo mtego kila mara. Dechaji inayosema "najua mchezo huu una hatari, najua naweza kuumia, nimekagua velo yangu" isaini, ni kweli unajua. Inayosema "sitadai kitu kwa sababu yoyote, hata kwa kosa la organizateri", hiyo uirudishe. Kwa upande wetu wa Kongo, kifungu cha 258 cha kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia, kile cha dekre ya 30 Julai 1888, kinasema mtu yeyote aliyemletea mwingine hasara kwa kosa lake lazima alipe, na mahakama hazipendi karatasi inayofuta kosa zito. Mbio ya Rwanda itafuata sheria ya Rwanda, kwa hiyo ombeni dechaji kwa lugha mnayoisoma, Kifaransa ama Kiswahili, siku nyingi kabla, si asubuhi ile mko kwenye mstari na kaske kichwani. Na huyu wa miaka 17 sahihi yake peke yake haitoshi, mzazi ndiye anasaini, na mzazi aliyekataa kusaini asichokielewa amefanya kazi yake ya uzazi. Mpelekeeni kontra, kaeni naye mumsomee, mpate jibu la kila swali lake. Akikataa bado, kijana anabaki, mbio zitakuja zingine.

Ufaransa, sheria ya michezo inalazimisha chama cha michezo kuwa na asiransi ya responsabilite, na inakilazimisha pia kumwambia kila mwanachama kwamba kuko faida kujinunulia asiransi ya mwili wake mwenyewe. Kuwaambia tu, mimi nadhani hicho kipande ndiyo tungekiiga leo bila kungoja mtu. Wewe kama kapteni, waambie 9 wako kwa maandishi nini kinalipwa na nini hakilipwi. Na kama siku moja mtafanya mbio yenu hapa, kumbuka SONAS, kampuni ya asiransi ya serikali, haiko peke yake tena, sheria namba 15/005 ya 17 Machi 2015 ilifungua soko, na ARCA njo inasimamia makampuni, basi uliza kampuni kama ina ruhusa ya ARCA kabla hujatoa franka. Upande wa Rwanda makampuni ya asiransi yanasimamiwa na Benki Kuu yao, muulize organizateri jina la kampuni na uhakikishe.

Usalama na asiransi watu wanavitenganishaka, lakini kwenye dosye ni kitu kimoja. Kampuni ikipata aksida inauliza: kaske ilikuwa kichwani na imefungwa? Njia ilikuwa na watu wa bendera? Kulikuwa na ambilansi? Jibu likiwa hapana wamepata mlango wa kutokea. Kwa hiyo muulize organizateri mambo ambayo UCI yenyewe inadai kwa mbio za kushuka. Kaske ya kufunika uso mzima, lazima. Ambilansi na kituo cha huduma ya kwanza, na mimi naongeza, ambilansi ya pili, juu moja ikiondoka na mgonjwa mbio inasimama ama inaendelea bila kitu. Watu wa bendera wanaoonana kwa macho, mmoja mpaka mwingine, na firimbi. Bendera ya njano wakati wa mazoezi maana yake kuko mtu ameanguka, punguza. Nyekundu maana yake simama palepale, hata kama uko kwenye muda bora wa maisha yako, utaomba kuanza upya na utapewa. Wafundishe vijana wako hili mpaka waliote, maana nimeona mtu akipita bendera nyekundu akimkosa kwa upana wa mkono munganga aliyepiga magoti. Kama organizateri anakujibu "watu watakuwepo tu", hajapanga kitu.

Mtu akianguka vibaya, msimnyanyue kama gunia. Huku kwetu huruma inakuja na mikono, watu sita wanamshika, mmoja kichwa, mmoja mguu, wanampakia kwenye pikipiki, na shingo iliyokuwa imepasuka kidogo inamalizika njiani. Mwacheni alivyo, mtu mmoja ashike kichwa kisicheze, mwingine aongee naye, mwingine apande juu kuzuia wengine. Damu inayoruka haingoji, hiyo bonyeza kwa nguvu. Aliyepiga kichwa akauliza mara mbili "niko wapi", ama amesahau alivyoanguka, ama anatapika, siku hiyo velo imekwisha kwake, hata akilia. Na aliyepigwa na gido tumboni, mdogo wangu, anakwenda hospitali hata akicheka. Hilo sitalirudia mara ya pili kwenye maisha yangu.

Kaske sasa. Najua nyingi ni za okazyo, mitumba ya sokoni, sikatazi, ila itazame. Ndani kuko povu gumu, hilo ndilo linakufa badala ya kichwa, likishabonyezwa mara moja halirudi, kwa hiyo kaske iliyoanguka vibaya imemaliza kazi yake hata rangi ya nje iking'aa. Vua kitambaa cha ndani, pitisha kidole, tafuta ufa ama sehemu iliyolala. Angalia kibandiko: EN 1078 ni kaske ya velo ya kawaida, ASTM F1952 ni ya kushuka mlima. Wengine mnavaa kaske ya pikipiki, ni bora kuliko kichwa kitupu lakini ni nzito, na uzito unaivuta shingo ukianguka, tena uliza mapema kama komisere, wale wasimamizi wa mbio, watakubali. Magoti, viwiko na mgongo vikingwe, haya mawe ya volkano ya kwetu mnayajua, yale ya 2002 bado yanachana kama chupa, na njia mnayokwenda nayo itakuwa na mawe yake.

Freni nazo. Nendeni mkawaangalie wazee wa chukudu, zile velo za mbao za kubebea mizigo, wanaoshuka na mizigo toka Kibumba, na kile kipande cha mpira chini ya mguu kwenye gurudumu la nyuma. Wanaanza kupunguza kabla ya mteremko, mteremko ukiwakuta wako tayari. Kijana na freni ya disiki anaikaba njia nzima kwa vidole vyote, disiki inawaka, na zile zinazotumia mafuta ya DOT, mafuta hayo yanakunywaka unyevu wa hewa, yakizeeka maji yake yanachemka kwa joto, yanageuka mapovu, mkono wa freni unakuja mpaka kwenye gido na velo haisimami. Badilisheni mafuta kabla ya safari, na mazoezini mtu akisikia freni inalegea asimame, asingoje kona.

Pesa najua ndiyo ugumu. Mama zenu wako ndani ya AVEC, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana, wanajua ile kesi ndogo ya msaada inayowekwa pembeni, mfanye vilevile. Watu 9, dola 2 kila wiki, ni 18, wiki 16 ni 288, karibu ile kosyo tuliyoikosa siku ile. Hiyo haiguswi kwa jezi wala kwa transpo, inakaa kwa mtu mmoja mwaminifu anayekwenda nanyi na telefoni yenye chaji, asiyepanda velo. Kisha asiransi ya aksida mnunue kwa kundi, kampuni inakubali zaidi ikiona majina 9 kuliko moja.

Kila mmoja aweke ndani ya jezi kikaratasi kwenye plastiki: jina, kundi la damu, dawa asiyoivumilia, simu ya nyumbani, namba ya kontra na simu ya usiku ya kampuni. Karatasi ya mpaka iwe nakala yake na yule wa telefoni, juu mtu aliyepoteza fahamu hawezi kueleza kwenye baryeri yeye ni nani. Aksida ikitokea, mtangaze kwa kampuni siku ileile kama mnaweza, kontra nyingi za mtindo wa Kifaransa zinatoa siku 5 za kazi na hizo zinaisha mtu akiwa bado kitandani. Picha ya mahali, karatasi ya munganga, risiti zote hata ya bandeji, majina ya walioona, ripoti ya komisere yenye sahihi. Nimeshinda dosye kwa risiti moja iliyokunjwa, na nimepoteza dosye nzuri kabisa kwa kukosa tarehe.

Wakishakutumia kontra nipigie picha ukurasa wa eksklizyo na ule wa tarehe na nchi, nitausoma usiku huohuo. Wakikataa kuituma, pesa yenu ibaki mfukoni. Na leo jioni, kabla hamjaenda popote, pitisha kiganja kwenye mwisho wa gido za velo zote 9, pande mbili, ndiyo mara 18. Ile utakayoisikia bomba tupu, kata kipande cha mti, kigonge ndani mpaka kikae, kisha lainisha kwa msasa.